Fuko Asiye na Mwonekano wa Kikosi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mlio karibu na mlango mmeitikia kivivu. Mnadhani hadithi ni ya watoto peke yao? Hii ina wakubwa ndani yake, tena wakubwa wenye pembe na mihuri. Haya, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiishi kwa vikao, palikuwa na nyika iitwayo Kitungamo. Kila mwaka jua lilipozidi, nyasi za Kitungamo zilikauka. Zikikauka, moto ulikuja. Vuuu. Ulikula majani, ulikula viota, ulikula wazee na wote wasiojua kukimbia. Wanyama walilia, wakazika, wakaitisha kikao. Kisha mvua ikanyesha, nyasi zikaota, wakasahau. Mwaka uliofuata, vuuu.

Chini ya nyika hiyo aliishi fuko mmoja, jina lake Mashavu. Fuko mnamjua. Mfupi, mnene, meno yametangulia mbele ya midomo, na macho kama punje mbili za ulezi. Macho ya Mashavu hayakuona kitu, na hakuyasikitikia, maana chini ya ardhi hakuna cha kutazama. Dunia aliijua kwa pua na kwa masharubu. Na akilaza tumbo lake chini, alijua nani anapita juu, ana uzito gani, na kama ana haraka au anazurura tu.

Halafu alijua kuchimba. Chaka, chaka, chaka, asubuhi. Chaka, chaka, chaka, mchana kutwa. Udongo mwekundu, udongo mweusi, changarawe, kwake yote ilikuwa chakula cha makucha.

Aliishi na mama yake, mzee aliyebakiwa na jino moja. Mwaka uliotangulia moto ulipita juu yao na moshi ukashuka kwenye mashimo. Kaka yake Mashavu alilala akiwa mzima, na hakuamka. Viazi pori vyote vilivyokuwa karibu viliungua majani, vikaozea ardhini. Tangu siku hiyo mama na binti waligawana kiazi kimoja kwa siku mbili. Mashavu alikitafuna kwanza, akamlisha mama yake kilicholainika.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wanyama walikumbuka moto kabla haujaja. Wakaunda Kikosi cha Zimamoto. Kamanda wakamchagua Pofu. Pofu ni yule mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe zilizosokotwa. Ni jina tu hilo. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, ingawa, kama mtakavyosikia, hayakumsaidia sana. Katibu akawa Korongo, ndege wa miguu mirefu, anayetembea kama anayeogopa kuchafua dunia. Mjumbe akawa Nyumbu, na kazi ya Nyumbu ilikuwa kukubali.

Korongo akasimama mbele ya wanyama wote akasoma tangazo. Alisema anatakiwa mchimbaji wa mkuza. Akafafanua kwamba mkuza ni ukanda mpana wa ardhi unaong'olewa nyasi zote mpaka udongo ubaki mtupu, ili moto ukifika hapo ukose cha kula, ufe. Akasema mchimbaji atapata kapu la viazi kila wiki kutoka shamba la jamii. Mwisho kabisa akasoma kwa sauti ya taratibu kwamba nafasi ni sawa kwa wanyama wote, bila kujali kabila, jinsia, ukubwa wala maumbile. Wanyama walifurahi, wakapiga kwato chini. Nyumbu alipiga mara mbili.

Mashavu alisikia yote kwa tumbo lake, akiwa chini yao. Akamwambia mama yake ataomba kazi hiyo.

Mama yake alimwambia asijisumbue. Alisema na yeye, enzi za usichana wake, alisikia tangazo kama hilo, la kazi nyingine. Alikwenda asubuhi na mapema, akawa wa kwanza kwenye foleni na wa mwisho pia, maana alikuwa peke yake, na bado akaambiwa nafasi imejaa.

"Zamani ilikuwa zamani, mama," Mashavu alisema. "Hawa wameandika kabisa."

Mama yake alicheka mpaka jino likatikisika.

Siku ya usaili Mashavu alifika mapema. Mbele yake alikuwa Ngiri, kijana mwenye tabia nzuri na mkia unaosimama wima akikimbia. Ngiri aliingia kwanza. Mashavu alilaza tumbo, akasikiliza.

Pofu alimuuliza Ngiri habari za baba yake. Ngiri akasema mzee hajambo. Pofu akauliza kama ule mguu umepona. Umepona. Pofu akacheka, akasimulia jinsi yeye na mzee huyo walivyokuwa wakigaragara kwenye tope moja ujanani. Kisha, kwa kuwa Korongo alikohoa, akamuuliza kama anajua kuchimba. Ngiri alikuwa mkweli. Alisema hajawahi kuchimba hata siku moja, na nyumba anayolala aliikuta imeshachimbwa, mwenyewe kahama. Pofu akasema hilo si tatizo, atajifunza akiwa kazini. Korongo akapiga muhuri. Pwa.

Mashavu akaingia. Akatoa shikamoo.

Pofu akatazama huku na huku, akauliza nani kaamkia. Korongo akamwelekeza kwa mdomo wake mrefu, chini, chini zaidi, hapo. Pofu akacheka lile cheko la wakubwa, linalotokea puani.

"Marahaba, bibie," akasema, akainua mguu wa mbele. "Hebu niambie, hapa nimeinua nini?"

Mashavu alisikia upepo wa ule mguu ukipanda. "Umeinua mguu wa kulia, Kamanda. Kwato yake ina ufa upande wa ndani. Niliusikia ulipokuwa unakuja."

Pofu aliushusha mguu taratibu. "Lakini hukuuona."

"Sikuuona."

"Katibu, andika. Hakuuona."

Korongo akaandika. Kisha yakaja maswali mengine. Ameolewa? Bado. Ataolewa lini? Hajui. Akiolewa atazaa? Huenda. Akizaa nani atachimba? Mashavu akauliza kama na Ngiri aliulizwa hayo. Korongo akamjibu kwamba Ngiri ni dume. Mashavu akasema dume huyo ana watoto wanne, amewasikia wakimfuata nyuma asubuhi ile, na mmoja ana kikohozi. Nyumbu akatikisa kichwa kukubali, halafu akakumbuka amekaa upande gani, akakitikisa kukataa.

"Nipeni hatua tatu tu za ardhi," Mashavu akasema. "Nichimbe hapa hapa, mpime."

Pofu akamwambia usaili ni wa maswali, si wa kuchafuana. Kisha akainamisha kichwa, akalainisha sauti kama anayempa mtoto dawa chungu. "Usituelewe vibaya, bibie. Hatubagui mtu. Mafuko tunawapenda sana. Ila mfanyakazi wa Kikosi lazima awe na mwonekano. Wageni wakija, wamwone."

Korongo akaandika kwamba Mashavu hakukidhi vigezo. Muhuri. Pwa.

Mashavu alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia anaitwa. Pofu alikuwa amekumbuka jambo. Kikosi kilihitaji vyoo. Kazi hiyo haikuwa na cheo wala kapu la viazi, ilikuwa kibarua tu, na malipo yake ni maganda yanayobaki. Lakini kwa kuchimba choo, Pofu alisema, mwonekano si lazima.

Damu ilimpanda Mashavu mpaka masikioni. Alitamani aingie chini, atokee kwenye ule ufa wa kwato, aume. Akamkumbuka mama yake na jino lake moja. Akasema atakuja kesho.

Basi sikilizeni maajabu hayo. Asiyejua kuchimba ameajiriwa kuchimba. Anayejua kuchimba amekataliwa kuchimba, na sasa anachimba. Na waliopanga hivyo walilala usingizi mzuri.

Mashavu akachimba vyoo. Chaka, chaka, chaka. Alichimba cha wafanyakazi, akachimba cha Katibu, akachimba cha Mjumbe. Kila shimo alilitobolea njia nyembamba ya pembeni, ya kupitisha hewa, inayokwenda mpaka kwenye mapito yake ya chini. Ndivyo mafuko wanavyochimba, hawawezi kuvumilia shimo lenye mlango mmoja. Vyoo vitatu vilipokwisha, Pofu akataka chake mwenyewe. Akatoa maelekezo. Kiwe kirefu kumshinda yeye na pembe zake. Kiwe kipana aweze kugeuka bila kugusa ukuta. Kiwe na njia ya kuteremkia, maana Kamanda haruki kuingia chooni. Na juu kiwe na paa la matawi, Kamanda asipigwe jua. Alisema hawezi kukalia kashimo, mtu wa cheo chake. Mashavu alichimba siku ishirini na moja. Udongo uliotoka ulikuwa kilima, na tumbili walikuja kukipanda wapate kutazama mbali.

Huku nako Ngiri alikuwa kwenye mkuza. Ngiri huchimba kwa kupiga magoti, ndivyo alivyoumbwa. Alikwangua wiki nzima, akapata mstari mwembamba kama mkia wake. Aliona haya. Siku moja alimfuata Mashavu chooni, akamwita dada, akamwomba amwelekeze. Mashavu angeweza kumfukuza. Lakini alikumbuka moshi, na moshi hauulizi nani aliajiriwa. Akamfundisha. Alimwambia ang'oe nyasi pamoja na mizizi, na upana usipungue hatua kumi, la sivyo moto utaruka.

Ngiri alikwenda kwa furaha kumweleza Kamanda. Pofu alisema hatua kumi za udongo mtupu ni uchafu, zinaharibu mandhari. Akaagiza mkuza ubaki vile vile, tena katikati uachwe mstari wa nyasi ndefu, kwa urembo. Ngiri akarudi kumweleza Mashavu akiwa amelegeza mkia. Mashavu akachukua maganda yake, akaenda kumlisha mama.

Ikafika siku ya wageni. Wanyama wa nyika za jirani walialikwa kuja kukitazama Kikosi. Pofu alikuwa amepakwa mafuta ya ubuyu kwenye pembe na kwato. Nyumbu alikuwa amepakwa pia, kwa kuwa Pofu alipakwa. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, na Mashavu yuko ndani ya choo kipya cha Kamanda akisawazisha ukuta.

Akasikia kitu kwenye tumbo.

Kwanza ilikuwa miguu midogo. Panya, wengi, wote wakienda upande mmoja. Kisha sungura. Kisha mngurumo wa chini usiokatika, kama kinu kinachosaga mbali. Mara ya mwisho alikuwa ameusikia mwaka ule kaka yake alipolala. Akapandisha pua. Moshi ulikuwa mwembamba, unatoka mashariki, na upepo uko nyuma yake.

Alipanda mbio akamkuta Korongo. Akamwambia moto unakuja kutoka mashariki na ndani ya muda mfupi utakuwa hapa. Korongo alinyoosha shingo yake yote, akatazama mashariki. Kilima cha udongo wa choo kilikuwa mbele yake.

"Mimi ninayeona sioni kitu," akasema. Akaongeza kwamba taarifa za moto hutolewa na wafanyakazi. Vibarua hawana fomu.

Mashavu akamfuata Pofu mbele ya wageni. Pofu alikuwa katikati ya hotuba, amefika mahali pa kusema kwamba Kitungamo haitaungua tena. Aliposikia sauti kutoka chini alimwambia kwa kunong'ona asimwaibishe, asubiri mpaka vinywaji.

Lakini wageni wawili watatu walikuwa wamemsikia fuko, na mgeni hana cheo cha kulinda. Wakaanza kurudi nyuma taratibu, kisha haraka, kisha wakatimka wote kuelekea mtoni. Wanyama wa Kitungamo wenye watoto nao wakatimka. Ngiri akawatuma wanawe wanne na mama yao, yeye akakimbilia mkuza. Mashavu akamfuata kwa chini. Waliung'oa ule mstari wa nyasi za urembo, yeye kwa meno, Ngiri kwa pembe za mdomo, magoti yakimtoka damu. Wakapanua hatua mbili. Tatu. Nne.

Moto ukafika. Vuuu.

Ulisimama kidogo mbele ya udongo, kama unaosoma kibao. Halafu upepo ukaunyanyua, ukaruka.

Pofu ana miguu, angeweza kukimbia. Lakini alikuwa amebaki kumalizia hotuba kwa Nyumbu na Korongo, ili ukurasa wa mwisho usipotee. Alipogeuka, moto ulikuwa kulia. Alipogeuka tena, ulikuwa kushoto. Nyuma yake ulikuwa unafunga. Korongo alipiga mabawa, akaingia kwenye moshi, akaanguka akikohoa.

Hapo udongo ukatumbuka kati ya miguu yao na pua yenye meno ikatokea. "Ingieni chooni," Mashavu akasema.

Pofu akamtazama. "Mimi? Mbele ya watu?"

Hapakuwa na watu. Palikuwa na moto, nao ulimjibu kwa kumchoma nywele za mkia. Kamanda wa Kikosi cha Zimamoto cha Kitungamo aliteremka chooni kwa ile njia aliyoiagiza mwenyewe, pembe zikitangulia. Nyumbu akaingia kwa kuwa Pofu aliingia. Ngiri, aliyekuwa amekimbia kutoka kwenye mkuza, akaingia akichechemea. Korongo, machozi yamemjaa, hakuona njia. Alirukia shimo la kwanza alilolikanyaga, na shimo hilo halikuwa jipya. Kilikuwa choo cha wafanyakazi, nacho kilikuwa kimetumika mwezi mzima. Dumbwi.

Mashavu hakungoja. Alikiporomosha kile kilima cha udongo juu ya lile paa la matawi na njia ya kuteremkia mpaka mdomo wote wa shimo ukafunikwa na udongo mzito. Kisha akazama kwenye mapito yake, akazibua njia za hewa moja baada ya nyingine. Moto ulipita juu yao. Walisikia nyasi zikipasuka, pa, pa, pa. Gizani Pofu alisikika akiuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu hapo. Mashavu akamwambia avute pumzi kwa pua, taratibu, aelekeze uso ukutani kwenye tundu. Pofu hakuona kitu chochote. Alifanya alivyoambiwa.

Walipotoka, nyika ilikuwa nyeusi na nusu ya shamba la viazi imekwenda. Lakini hakuna aliyekufa. Mama yake Mashavu alikutwa kwenye shimo lake, mzima, analalamika kwamba chakula kimechelewa.

Kikao kikaitishwa. Wanyama walikaa mbali kidogo na Korongo. Pofu alianza kueleza kwamba viongozi walijihifadhi kimkakati. Mtu mmoja nyuma akauliza mkakati huo ulikuwa na kina gani. Kikao kizima kikaangua kicheko, na Nyumbu akacheka kuliko wote. Pofu akakohoa, akabadilisha mwelekeo. Akasema wanamshukuru sana bibie Fuko, na kwamba Kikosi kimeamua kumvika shada la maua na kumpa jina la Fuko wa Mwaka.

Korongo akaja na shada. Mashavu akalinusa. Yalikuwa maua ya porini, yamenyauka kwa joto. Hakulivaa.

"Sitaki maua," akasema. Kikao kikanyamaza, maana sauti yake ilikuwa ndogo na kila mtu alitaka kusikia. "Siku ya usaili mliniuliza kama naona, kama nitazaa, kama nina mwonekano. Hamkuniuliza kama nachimba. Leo mnanisifu kwa sababu mmeungua mkia. Kama moto usingekuja, ningekuwa bado nakula maganda, na ningekuwa fuko yule yule. Msingoje moto ndio uwe kamati ya usaili."

Hakuna aliyepiga kwato. Ngiri alisimama, akasema yeye anaiacha nafasi yake, arudi kwenye foleni na wenzake, apimwe upya. Hilo lilikuwa gumu kwake, alikuwa na watoto wanne. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo Mashavu alilisikia bila kuliona.

Basi usaili ukafanywa upya. Safari hii kamati ilifungwa macho kwa majani mapana, Kamanda, Katibu na Mjumbe, barabara, kila fundo likakaguliwa. Kila mwombaji alipewa hatua tatu za ardhi. Akimaliza aondoke, asiseme neno. Kisha kamati ipite ikipapasa kwa kwato na mdomo, iseme kazi ipi ni bora. Wachimbaji watatu bora ndio watakaochukuliwa.

Siku hiyo walikuja wengi ambao hawakuwahi kufikiria kuja. Nungunungu alikuja. Kobe alikuja, safari alikuwa ameianza jana yake. Chaka, chaka, chaka. Kamati ikapita, Pofu akijikwaa, akipapasa, akinung'unika. Alisimama kwenye kipande kimoja muda mrefu. Akasema hiki. Kingo zake zimenyooka, mizizi yote imetoka, udongo umelazwa. Nyumbu hakuweza kuona Pofu anatikisa kichwa upande gani, ikambidi afikiri mwenyewe. Ilimchukua muda. Akasema hiki.

Mashavu alijaa fahari mpaka masharubu yakasimama.

Majani yakafunguliwa. Kipande hicho kilikuwa cha Muhanga, mnyama wa masikio marefu na pua kama bomba, ambaye maisha yake yote alikuwa akichimba peke yake bila kuongea na mtu. Wakati wa tangazo la kwanza hakuomba kwa sababu alijiangalia majini, akajikatia tamaa mwenyewe. Mashavu akawa wa pili. Ngiri, kwa yale aliyofundishwa chooni, akawa wa tatu.

Jamani, msidhani Mashavu alifurahi. Alirudi nyumbani akajifungia siku mbili. Alimwambia mama yake kwamba yeye ndiye aliyepigania, yeye ndiye aliyewaokoa, na leo anamkuta mbele yake mtu ambaye hata kwenye moto hakuwepo. Mama yake alimwacha aseme yote. Kisha akamuuliza alichokuwa anataka ni kupimwa kwa haki, au kupimwa kwa haki halafu ashinde.

Asubuhi ya tatu Mashavu alikwenda kazini. Akampa Muhanga shikamoo na kumuuliza anazilaza vipi zile kingo. Muhanga, kwa haya, akamwonyesha.

Vyeo vingine navyo vikapimwa. Ukamanda ulichukuliwa na Kanga, kuku wa porini mwenye madoadoa, kwa kuwa ndiye aliyeamka mapema kuliko wote na ndiye aliyesikika mpaka ng'ambo ya mto. Pofu alikutwa anafaa sana kushindilia udongo, kwa uzito wake. Siku za kwanza alifanya kwa kununa. Baadaye alikuwa akisikika akiimba.

Korongo alibaki Katibu, maana kuandika alijua kweli. Na wiki ya kwanza ya malipo alileta makapu. Kapu kamili kwa Muhanga. Kapu kamili kwa Ngiri. Nusu kapu kwa Mashavu. Mashavu akaingiza mkono, akafika chini upesi. Akauliza kulikoni. Korongo alieleza kwa adabu zote kwamba tumbo lake ni dogo, nusu inamtosha, na kwamba amefikiria hilo kwa wema.

Mashavu akakaa chini. Hakutukana, hakulia. Akaacha kuchimba. Ngiri akatazama kapu lake, akatazama la Mashavu, akakaa. Muhanga, ambaye watu walidhani hana sauti, akakunja masikio, akakaa. Pofu alisimama akisubiri udongo wa kushindilia, udongo hauji. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akafikiri. Kisha akakunja magoti, na yeye akakaa, ardhi ikatikisika.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini Korongo alipoiona ile nusu nyingine. Alisema ilikuwa imesahaulika ghalani.

Mkuza ulikwisha kabla ya kiangazi kilichofuata. Moto ulikuja, ukafika penye udongo, ukatafuta cha kula hatua kumi mbele, ukakosa, ukafa. Nyika upande wa pili ilibaki ya kijani, na wanyama hawakuwa na wa kuzika mwaka ule.

Sasa sikieni, wakubwa kwa wadogo. Mtu akija kuomba kazi, mwulize kama anaiweza hiyo kazi, mpe nafasi akuonyeshe. Macho yake, kimo chake, jinsia yake na baba yake ni nani, hayo si kazi. Na akishaipata, mlipe kama unavyomlipa mwenzake anayefanya kazi hiyo hiyo. Usisubiri mpaka akuokoe chooni ndipo umwone.

Hadithi yangu imekaa chini hapa, imechoka. Aliyesinzia amwulize jirani yake.